Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: tuachieni ukingo wa maji

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga, Bwana Meya wa Lubumbashi, na wakuu wa komini zetu saba.

Waheshimiwa,

Mwezi wa nane uliopita nilikaa mchana mzima kando ya maji ya bahari, kule Bagamoyo, Tanzania, na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza nimenunua nini. Kama ningekuwa nimeona ghorofa refu au barabara pana, ningerudi nikawasimulia majirani na habari ingeishia hapo. Lakini kukaa tu, bure, mbele ya maji, mtoto anacheza mchangani mpaka jua linazama, ni jambo ambalo sijalipata hata siku moja katika mji wetu huu niliozaliwa, nami nimeshapita miaka arobaini.

Mimi ni muuzaji wa viatu vya shule, soko la Kenya (si nchi ya Kenya, ni komini, sehemu ya mji wetu huu wa Kongo). Kila mwaka, kabla masomo hayajaanza mwezi wa tisa, napanda basi kwenda Dar es Salaam kufunga mzigo Kariakoo. Njia hiyo mnaijua, maana ushuru wake mnaupokea. Ni Kasumbalesa, halafu Zambia yote mpaka Nakonde, halafu Tunduma na foleni yake, halafu Mbeya, Iringa, Morogoro. Ni karibu kilometa 2,000, na mtu hufika miguu imevimba kama mikate. Njia nzima tunapishana na malori yaliyobeba shaba yetu. Nimekaa dirishani nikiyahesabu miaka mingi, na safari hii ndipo wazo lilinijia: shaba ya Katanga inaiona bahari kila siku. Inapakiwa Kolwezi na Likasi, inapita mbele ya milango yetu, inashuka mpaka bandarini. Mtoto wa Katuba anayelala akisikia malori hayo usiku kucha atazeeka bila kujua yanakwenda kuona nini.

Safari hii nilimchukua binti yangu. Amemaliza darasa la sita na nilikuwa nimemwahidi. Tulipofika Kariakoo, mwenye duka akaniambia kontena halijatoka bandarini, nisubiri siku mbili. Siku mbili za gesti, joto na feni inayolia. Mama mmoja wa Mbeya tuliyekuwa naye chumba cha jirani akasema, "Si uende Bagamoyo ukapumzike? Panda gari Makumbusho, nauli si kitu." Tukaenda. Ni kilometa zisizofika 80 kutoka Dar, lakini ukishuka ni kama umetoka sokoni ukaingia kwa bibi yako.

Mji ule haukimbii. Wazee wamekaa barazani na bao lao, wala hawainui macho unapopita. Nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe, milango imechongwa maua na minyororo. Nyingine zimeachwa, mti umeota ndani na kutokeza juu mahali palipokuwa na paa. (Hilo la nyumba kuachwa zianguke silisifu. Wao nao wana wakubwa wa kuandikiwa barua.) Unakata uchochoro mmoja, unapita ua ambapo vijana wa chuo cha sanaa wanapiga ngoma, kisha mchanga unaanza chini ya ndala zako, na mbele yako hakuna kitu tena isipokuwa maji.

Binti yangu alisimama. Nilidhani ameshangaa ukubwa wake. Akaniuliza, "Mama, ukuta wake uko wapi?"

Waheshimiwa, nimelibeba swali hilo kutoka Bagamoyo mpaka Kasumbalesa, na ndilo ninalowaletea. Mtoto wa Lubumbashi wa miaka kumi na miwili anajua kwamba maji mengi yakikaa pamoja lazima yawe na ukuta, geti na mlinzi. Hajafundishwa na mtu. Ameona mwenyewe.

Pale ukuta haukuwepo. Kulikuwa na soko la samaki, mashua zimelazwa ubavu, fundi mmoja anasindika pamba kwenye nafasi za mbao, kazi wanayoiita kalafati, ili maji yasiingie. Akina mama walikuwa na makarai makubwa juu ya moto, wanakaanga vibua, changu na vipande vya pweza. Tulinunua vibua viwili. Nilipofungua kinywa kuuliza bei, yule mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mnatoka wapi nyie?" Binti akajibu kwa Kiswahili chetu: "Tunatokaka Lubumbashi." Basi ikawa kazi, "tunatokaka" ikazunguka soko zima, kila mtu anataka aisikie. Nikawaambia kwetu ugali ni bukari, na samaki tunaokula ni wale wa barafu, au kapenta (dagaa), au wa Kasenga wakipatikana. Wakatuongezea kibua cha tatu. Samaki aliyekuwa majini asubuhi hiyo ana utamu ambao sitaueleza hapa, maana barua hii inaweza kusomwa na mwenye njaa.

Kisha tukakaa. Saa tano maji yalianza kurudi nyuma. Wao husema maji yanapwa. Baada ya muda, mahali palipokuwa na bahari palikuwa uwanja wa mchanga mgumu wenye kung'aa, na vijana walikuja na mpira, wakapiga vijiti vinne, mechi ikaanza. Akina mama wengine walitembea mbali kabisa, wameinama, wanatafuta chaza na kaa. Saa kumi maji yakaanza kujaa, na mechi ikavunjwa na wimbi, si na polisi. Jua likazama nyuma yetu, upande wa nyumbani, maana pwani ile inatazama mashariki. Hatukuwa tumetoa hata shilingi moja kwa ajili ya kukaa.

Nilimuuliza yule fundi wa mashua ufuko ni wa nani. Alinitazama kama niliyemuuliza upepo ni wa nani. Baadaye mtoto wa dada yangu, anayesoma sheria hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alinitafutia jambo hilo, na kumbe limeandikwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Siwaambii kwamba kila mwenye hoteli anaiheshimu. Niliona kuta mbili tatu zilizoteremka karibu mno na maji. Wala ufuko haukuwa safi kama kwenye kalenda: kulikuwa na chupa za plastiki, na vijana wa kutembeza wageni walitufuata mpaka walipotusikia tukiongea. Lakini mtu akijenga ndani ya zile mita 60, wenzake wana neno la kumwonyesha. Sisi tutamwonyesha nini?

Kijana mmoja tulimkubali, akatutembeza bei ya Mkongo. Alituonyesha Kaole na makaburi yake ya kale, boma la Wajerumani waliofanya mji huo makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na misheni ambako maiti ya Livingstone ililazwa mwaka 1874 baada ya kubebwa na wapagazi kutoka bara. Alieleza maana ya jina la mji: wengine husema ni "bwaga moyo" ya wapagazi waliofika na kutua mizigo, wengine husema ni ya watumwa waliojua hawatarudi. Alieleza vizuri. Nikamuuliza habari za Msiri. Hakumjua.

Nami nilimwambia, kwa sababu nililelewa na bibi aliyependa hadithi hizo. Kwamba Msiri alitoka Unyamwezi, nchi iliyo katikati ya njia hiyo ya misafara, akaja kwetu kutafuta shaba na pembe, akajenga Bunkeya na kutawala Garenganze. Kwamba shaba yetu na pembe zetu ziliteremka kwa miguu kuelekea pwani hii, na nguo, bunduki na shanga zikapanda, na maneno mengi ya Kiswahili yakapanda nazo. Kwamba msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulianzia pwani hiyohiyo mwaka 1891, na kabla mwaka haujaisha Msiri alikuwa amepigwa risasi Bunkeya. Kijana alinyamaza, akasema, "Kumbe ninyi ni wa hapa." Sikumwongezea pesa, lakini nusura.

Sasa nirudi nyumbani.

Najua jibu la kwanza mtakalotoa: Lubumbashi haina bahari. Kweli. Nchi yetu yenyewe, ukubwa wake wote huu, ina pwani isiyofika kilometa 50, kule Muanda, na kutoka hapa kwenda Muanda ni mbali na ghali kuliko kwenda Bagamoyo. Siombi bahari. Mji wetu una maji. Una ziwa lile lililotengenezwa na watu, pale karibu na uwanja wa gofu. Una mto uliotupa jina, unaopita kati yetu, unakwenda kuungana na Kafubu mpaka Luapula. Ninachouliza ni mahali gani, kwenye ukingo wa maji hayo, mama wa Kenya au wa Kamalondo anaweza kukaa Jumapili na watoto wake bila kufukuzwa na bila kununua kitu.

Jumapili ya pili baada ya kurudi nilikwenda kutafuta. Tulikuwa sita: mimi, watoto watatu, dada yangu na mwanawe huyo wa sheria. Tulibeba bukari, sombe (kisamvu) na bidoni, yaani dumu, la maji ya kunywa. Mahali pa kwanza mlinzi alituambia ni kwa wanachama. Mahali pa pili walitukaribisha vizuri, wakatuletea karatasi ya bei, na bei ya soda moja ilikuwa bei ya soksi jozi mbili pale kwangu. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Mahali pa tatu hapakuwa na mtu, tukafurahi, tukatandika kikwembe. Dakika kumi hazikupita, kijana akatokea na kutuambia kwa adabu kabisa kwamba kiwanja hicho kina mwenyewe. Nilimuuliza mpaka wapi. Akaonyesha kwa mkono: mpaka kwenye maji. Na ndani ya maji je? Akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Bukari tulikula ndani ya teksi, imepoa.

Babu yangu alikata majani upande ule wa mji, wakati bado unaitwa Elisabethville. Wazungu waliacha eneo tupu kati ya mji wao na cité, mtaa wa Waafrika, na maji yenye kupendeza yalibaki upande wao. Babu aliingia asubuhi na kutoka jioni, na alijua kila mti wa pale. Mimi sina hata majani ya kukata. Tangu mwaka 1960 tumebadilisha majina ya mitaa, mji, jimbo na nchi, mengine mara mbili. Lile geti tulilirithi na kulipaka rangi mpya.

Mtoto wa dada yangu alinionyesha maandishi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuziki. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inayaweka maji katika mali ya umma. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayomfaa kustawi. Kwa hiyo yule kijana aliyeonyesha mpaka wa kiwanja hadi majini alikuwa amekosea, au aliyempa bosi wake karatasi ndiye aliyekosea. Nani aliitia saini, sitauliza hapa. Ninauliza kama mnaweza kupeleka watu wenu wa vipimo na kamba, wapime ukingo wote wa ziwa, kisha waweke mawe ya mpaka na kibao kimoja kinachosomeka: hapa ni pa wote.

Hata mita 60 siziombi. Nipeni 20, upande mmoja tu wa ziwa, ambapo basi la nauli ya kawaida linafika. Mchanga si lazima, majani yanatosha. Wekeni miti miwili mitatu ya kivuli, choo chenye mlango, na mtu anayejua kuogelea kwa ajili ya watoto. Nimeyaweka haya machache kwa makusudi, maana najua mradi ukiwa mkubwa utapata jiwe la msingi, mkanda, hotuba, na hakuna zaidi.

Kuhusu mto ni jambo jingine, na hapa sitanii. Mto Lubumbashi unapita ubavuni mwa ule mlima wetu mweusi wa mabaki ya shaba na mitambo yake, na tangu 1911 tanuru zimewaka pale. Watu wanafua humo, wanamwagilia mboga humo, watoto wanaoga humo msimu wa joto kwa sababu ndiyo maji pekee yasiyo na geti. Watafiti wa chuo kikuu chetu na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mikojo ya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kobalti, yale madini yanayochimbwa pamoja na shaba, nyingi kupita kiasi, hasa kwa watoto. Imepita zaidi ya miaka kumi na mitano. Mimi muuza viatu sijui kusoma vipimo, lakini najua kusoma kibao. Tuwekeeni kibao pale watoto wanapoogelea, chenye tarehe, kikisema maji ya leo yanafaa au hayafai. UNILU ina watu wa kupima. Kinachokosekana ni anayewatuma na anayekubali kutangaza jibu baya.

Na plastiki. Nitapita haraka kwa sababu hapa sisi wenyewe tuna hatia, nikiwemo mimi na mifuko ninayofungia viatu. Serikali yetu ilitia saini amri ya kukataza mifuko na vifungashio vya plastiki tarehe 30 Desemba 2017. Tanzania walikataza mifuko mwezi wa sita 2019, wakitufuata. Mpakani Tunduma walipekua mabegi yetu na kuichukua. Kasumbalesa mchuuzi alitupokea na sashe za maji, vile vifuko vya plastiki, kabla hatujakanyaga vizuri. Mvua ya kwanza ikinyesha, sashe zote za komini ya Kenya zinakwenda mtoni kwa mitaro, na tunazisindikiza kwa macho.

Mtu mmoja wa ofisi niliyemsimulia haya alinijibu, "Mama, watu hawana umeme, wewe unataka ufuko." Nimelifikiria jibu hilo kwa haki, na hata sasa nalikataa. Ni kwa sababu hakuna umeme ndiyo watu wanahitaji pa kukaa jioni. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa na bati linalochemka, mwezi wa kumi, unataka wakae wapi? Wanakaa baa. Kiti cha baa ndicho kiti pekee ambacho mji huu unampa mtu wake, na lazima akilipie kwa chupa. Mwanamume anakwenda, mke anabaki mlangoni, watoto wanabaki barabarani kati ya malori. Pale Bagamoyo nilimwona baba mmoja, mvuvi, amelala chali mchangani na mtoto wake mdogo juu ya tumbo, wote wawili wamelala usingizi, saa tisa mchana. Picha hiyo sijaiona Lubumbashi, na si kwamba akina baba wetu hawana matumbo.

Wenzangu wa safu ya viatu nimeshaongea nao. Tuko tayari kununua mapipa ya taka ya kwanza na kumlipa kijana mmoja wa kuyamwaga kwa miezi mitatu. Mkituonyesha mahali, tutakuja na jembe.

Binti ameanza shule ya sekondari. Mwalimu aliwaagiza wachore likizo yao, naye akachora mashua, mpira, karai la samaki na bahari. Pembeni, upande wa kulia, amechora ukuta. Nilimuuliza kwa nini, wakati alikuwa ameona mwenyewe kwamba haupo. Akasema karatasi ilikuwa inaishia hapo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, tutarudi kule ziwani, mahali pa tatu, palipo na kijana mwenye adabu. Tutakuwa na bukari ya kutosha. Bwana Meya, uje na kamba ya kupimia.

Kwa heshima,

Mama wa viatu vya shule, soko la Kenya, Lubumbashi